Mtakatifu Makelele, Dobi Aliyeachiwa Kero

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya madobi, mwaka ule daraja la mawe liliposombwa na mafuriko, na waliokuwepo wanakubaliana jambo moja tu: alilia tangu alfajiri mpaka nguo za siku ile zikakauka kambani. Mama yake, dobi mwenyewe na binti wa dobi, alimtazama akasema, "Huyu kaja na madai," akamfunga mgongoni akarudi kwenye karai lake. Jina la ubatizo alipewa, lakini hakuna aliyewahi kulitumia. Mtaa mzima ulimwita Makelele, naye aliitika, na Kanisa, baada ya vikao vingi mno kuhusu jambo hilo dogo, limemwacha na jina lake.

Tuseme hili mapema, maana limetuchosha. Wachoraji wanaendelea kumchora mtakatifu huyu akitabasamu, macho yameinuliwa mbinguni, mikono laini kama ya mtu asiyewahi kushika sabuni. Jamani, wametoa wapi? Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa magadi, na macho yake yalikuwa juu ya doa. Waliomjua hawakumbuki tabasamu. Wanakumbuka akimfokea mwenye hoteli kwa kufuta viatu na shuka la wageni, na wanakumbuka kwamba shuka lile lilitoka jeupe. Mwenye kutaka mtakatifu mwenye sauti ya asali akatafute kwingine, na maisha haya yatamwonyesha kwa nini aangalie sana anakokwenda kutafuta.

Alijifunza kazi mapema: kuloweka, kufua, kuchemsha, kutia buluu, kutia wanga, kupiga pasi. Mdomo wake haukulala. Aliongea na madoa, akazitukana pasi za mkaa zilizotema cheche, akagombana na mawingu. Aliolewa na fundi wa mapaa, mtu wa maneno machache, pengine kwa sababu katika nyumba ile maneno yote yalikuwa yameshatumika. Fundi yule alimpenda sana mkewe, akaanguka kutoka paa la ghala msimu mmoja wa mvua, akafa, akamwachia mtoto wa kike aliyekuwa bado hajasimama dede.

Hapa ndipo pa kuelewa, maana asiyeelewa hapa hataelewa lolote mbele. Makelele alimpenda mtoto yule mpaka kazi ikaharibika. Alimlaza ndani ya kapu la nguo safi, na mara nyingi aliacha pasi ikiwa moto akaenda kumnusa utosini. Aliunguza shati la hakimu hivyo, akasimama akitazama lile tundu la kahawia, akacheka peke yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu utamu pia aliujua, wote, bila kuupunguza.

Mtoto alipoanza kung'oka meno ya utoto, homa iliingia mifupani mwake. Miguu ilikauka kidogo kidogo. Daktari wa mji alikuja, akapapasa magoti, akaandika dawa, kisha akaandika nyingine, mwisho akavua miwani akasema kwamba homa ile ikimaliza miguu itapanda moyoni. Wanawake walikuja kumpa pole. Walitazama tu dirishani, kule juu mlimani.

Juu ya mlima ule kulikuwa na monasteri. Kuta zake zilikuwa nyeupe daima ingawa hakuna aliyewahi kuona mtu akizipaka chokaa. Watawa wake waliitwa Wapole, na kweli walikuwa wapole: walitembea bila kishindo, walisema bila kupaza sauti, na nyuso zao hazikuwa na kunyanzi hata moja. Waliponya kila ugonjwa. Kipofu aliona, kiwete alitembea, mwenye kifua kibovu alitoka akiimba. Na hawakupokea hata senti. Paroko wa mji, Mungu amrehemu, aliwasifu kila Jumapili kutoka mimbarini kama watu wanaotoa bure walichopewa bure.

Bure! Nani aliwahi kuona cha bure katika dunia hii kikakosa mwenyewe? Mji mzima ulijua bei, ila ulikuwa na adabu ya kutoitaja. Wapole hawakumtoza mgonjwa. Walimtoza aliyemleta. Mama alikaa kwenye benchi akimshika mwanawe mkono, abate, mkuu wa Wapole, akamwekea kiganja kifuani, akamwambia kwa ile sauti yake laini, "Niambie unavyompenda." Mama akaanza kusimulia, na kila alichokisimulia kikahamia kwenye kiganja cha abate, mpaka vyote vikaisha. Mtoto alisimama mzima. Mama alimtazama kama mtu anavyotazama mzigo wa abiria mwenzake.

Kisha yakafuata yale ambayo paroko hakuyahubiri. Mtoto mzima wa afya anarudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayemwita kula. Hapigwi, hafukuzwi, anasahauliwa tu. Anakaa ngazini, anakaa sokoni, na siku moja, kwa kuwa hakuna aliyemfungia vifungo vya shati, anapanda mlima peke yake, na Wapole wanamfungulia mlango. Wapole wote walipatikana hivyo. Hawakuhitaji pesa. Walihitaji watoto, na walikuwa na subira ya kuwangoja.

Makelele alilijua hilo, ndiyo maana alichelewa. Alimkanda mtoto kwa maji moto, akamwombea, akamtukana yule daktari, akapiga moyo konde. Lakini siku mtoto alipomwambia, "Mama, mbona kifua kinagonga mlango?", alimweka kwenye toroli la nguo, akampandisha mlimani akinung'unika njia nzima juu ya mawe, juu ya jua, juu ya watu wanaojenga nyumba za wagonjwa mahali ambapo mgonjwa hafiki.

Abate alimpokea kwenye chumba chenye benchi moja na harufu ya nta. Akamwekea kiganja kifuani. "Niambie unavyompenda," akasema. Makelele akalia, kisha akasimulia. Alisimulia kapu la nguo na utosi na shati la hakimu, na kila alipomaliza jambo alitafuta ndani yake asikione tena. Wakafika mwisho. Abate alikuwa anauondoa mkono, ukagota kwenye kitu, akakunja uso wake usio na kunyanzi.

"Hiki nini tena?"

"Kipi?"

"Hiki kinachokwaruza."

Makelele akajisikiliza. "Hiyo ni kero, baba. Hataki kuchanwa nywele, anatupa viatu hovyo, anaacha ganda la mkate. Nayo mnaitaka?"

Abate akapangusa kiganja kwenye joho lake. "Bakia nayo," akasema. "Takataka kama hiyo haina kazi hapa."

Hilo ndilo kosa walilolifanya Wapole, na ni wao tu wangeweza kulifanya, watu ambao hakuna aliyewahi kugombana nao kwa sababu ya viatu.

Mtoto alishuka mlima akiruka. Makelele alishuka nyuma yake akisukuma toroli tupu, na kifuani hamkuwa na kitu. Alijaribu kumtazama binti yule utosini, pale alipozoea kumnusa, akaona utosi tu. Walipofika nyumbani mtoto alivua viatu, kimoja kikaenda chini ya meza, kingine kikaenda mlangoni. Makelele akavitazama. Kitu kikamkwaruza. "Ala! Ni nani atakayeviokota hivyo?" akafoka, akaviokota. Kwa kuwa alikuwa ameshainama aliona magoti ya mtoto yana vumbi la mlima, na vumbi lile likamkera, akachota maji akamwogesha. Alipokuwa anamwogesha aliona mbavu zinahesabika, zikamkera zaidi, akawasha jiko. Mtoto alikula, akachanwa, akalala katika shuka safi. Makelele alikaa kwenye kigoda akishangaa. Kazi yote ya siku ile ya mama ilikuwa imefanyika, na mama hakuwapo.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Na ya tatu. Wenye kupenda miujiza ya haraka wanaudhika hapa, wanauliza upendo ulirudi lini. Tunawaomba wasituharakishe. Binti naye aliuliza. Alikuwa amekaa katikati ya magoti ya mama yake akichanwa, akasema, "Mama, unanipenda?" Makelele, ambaye makosa alikuwa nayo mengi lakini uongo haukuwa mojawapo, akamjibu, "Sisikii kitu, mwanangu. Inamisha kichwa." Mtoto alilia sana. Makelele akasubiri amalize, akampangusa kamasi, akaendelea na mstari wa pili wa nywele. Sala yake ya wakati ule imehifadhiwa na jirani aliyekuwa akiisikia ukutani: "Bwana, nimechoka. Uliona yaliyotokea kule juu, au ulikuwa unatazama upande mwingine? Haya. Nipe nguvu ya mikono tu, mengine tutaongea."

Jirani huyo alikuwa mke wa mwoka mikate. Naye alikuwa amempeleka mwanawe mlimani miaka kadhaa kabla, akarudi naye mzima, na baada ya muda kijana akapanda akawa mmoja wa Wapole. Mwanamke huyu alikaa kimya kama watu wote, mpaka akaanza kuona maajabu ya upande wa pili wa ukuta: mtoto wa mlimani aliyevaa nguo zilizopigwa pasi. Siku moja alivumilia akashindwa, akaingia uani.

"Makelele, wewe umewapa nini wakuachie upendo?"

"Hawakuniachia. Sina hata chembe."

"Sasa hayo yote unafanyaje?"

"Kwa kukereka," akasema Makelele, akikamua shuka. "Wewe, ukimkumbuka mwanao, husikii kitu kabisa?"

Mke wa mwoka mikate akafikiri. "Sisikii. Ila..." Akaona haya. "Alikuwa akivaa shati upande wa ndani nje. Kila siku ya Mungu. Hata sasa nikikumbuka nataka kumzaba kibao."

"Basi una pa kuanzia," akasema Makelele. "Chukua shati, twende."

Wakapanda. Abate alitoka mwenyewe langoni, akamsikiliza mke wa mwoka mikate akimdai mwanawe, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mama, humpendi."

"Simpendi, baba. Kweli kabisa. Lakini najua shati alilovaa kalivaa upande wa ndani nje, nami nimekuja na jingine."

Katika kanuni ya Wapole, iliyokuwa imechongwa juu ya lango lao, iliandikwa kwamba anayedaiwa na mtu wake asizuiwe. Hawakuwahi kuifuta, maana katika vizazi vyote vya nyumba ile hakuna aliyewahi kuja kudai. Abate aliisoma juu ya kichwa chake kama anaiona mara ya kwanza. Kijana akaja, mweupe, laini, na shati kweli upande wa ndani nje. Mama yake akamvua shati pale pale mbele ya lango, akamvalisha vizuri, akimfokea kwa sauti ambayo mlima ule haukuwahi kuisikia. Na kunyanzi moja ndogo ikatokea kwenye paji la uso la kijana yule. Alikuwa amekereka.

Tangu siku hiyo ua wa madobi ulijaa wanawake, na wanaume pia, wenye nyuso za watu waliopoteza kitu wasijue walikiweka wapi. Makelele hakuwafariji. Ng'ombe haelemewi na nunduye, aliwaambia, lakini hakuna aliyesema ng'ombe anaifurahia. "Msikae kungoja msikie kitu ndipo mfanye. Upendo umekwenda. Kero je, mnayo?" "Tunayo tele," walisema. "Basi ifuateni, yenyewe inajua njia ya jikoni." Wakapanda mlima wawili wawili, wakarudi na watoto wao, wengine watu wazima tayari. Si wote waliofaulu. Wako waliofoka wiki moja wakachoka, na watoto wakapanda tena. Makelele aliwalilia hao kwa hasira, kisha akawafuata yeye mwenyewe.

Majaribu hayakukosekana. Paroko alimwita ofisini akamwambia kwamba anawafundisha waamini ukavu wa roho, na kwamba tendo bila upendo ni shaba iliayo. Makelele alimsikiliza akiwa amesimama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. "Baba," akasema mwishoni, "kanzu yako hiyo nimeifua mimi miaka yote, na sijawahi kukupenda hata siku moja. Ina uchafu?" Kwa neno hilo alikosa kazi ya parokia, na hoteli mbili zikafuata mfano wa paroko. Aliishi kwa taabu, akala mara moja kwa siku, akalalamika mara saba. Binti alikula mara mbili.

Miaka ikapita. Kuta za mlimani zilianza kuwa na ukungu, na Wapole waliobaki walianza kuzeeka kama watu wengine. Binti alikuwa mwanamke, dobi hodari mwenye miguu imara, na mwenye kicheko, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Ndipo mvuke wa miaka yote ukamlipa Makelele. Kifua kikaziba. Aliacha kwanza pasi, kisha karai, mwisho akaacha kufoka, na mtaa ukajua kwamba mambo ni mazito.

Binti hakuomba ushauri. Asubuhi moja alimbeba mama yake, mwepesi kama nguo iliyokauka, akamweka kwenye toroli akamfunika, akaanza kupanda. Makelele alipotambua njia sauti ikamrudi. Aligombana naye kona baada ya kona, na binti alisukuma tu, machozi yakimdondoka kwenye mpini. Abate akawapokea langoni. Sasa alikuwa mzee, amekonda, na alipomwona binti macho yake yalipata njaa waziwazi.

"Niambie unavyompenda," akasema, mkono umeshanyooka.

"Subiri!" Makelele akajiinua kwa kiwiko. "Wewe mtoto, unajua unachotoa?"

"Najua. Umeishi bila hicho tangu utoto wangu, nami nitaishi. Nitakuogesha vile vile, mama. Nitakupikia vile vile. Kero ninayo, wewe mwenyewe umenipa."

"Najua utaweza. Nimekulea." Akakohoa, akasubiri pumzi irudi. "Lakini sitaki. Ule wangu waliuchukua, sawa, mambo yaliyopita. Sasa nyumba ile ilikuwa inapata moto wapi miaka yote hii? Ulikuwa unanikimbilia mlangoni. Ulikuwa unanikumbatia na mikono yangu imejaa sabuni, unaniudhi. Huo wako ndio tuliokuwa tunaota sote wawili. Ukiutoa, unanirudisha nyumbani kufanya nini? Geuza toroli."

Binti alisimama. Abate alingoja, mkono wake ukiwa bado umenyooka. Kisha toroli likageuka, gurudumu likilia, na mlima ukashukwa kwa mara ya mwisho na watu wale wawili.

Katikati ya njia binti aliuliza lile alilokuwa hajauliza tangu utoto. "Mama, haukurudi? Hata kidogo?" Wapo wahubiri wanaosema kwamba hapo malaika alishuka, upendo ukamrudia Makelele, akafa akitabasamu. Hakuna malaika! Binti mwenyewe ameshuhudia mbele ya tume ya Kanisa inayochunguza maisha ya mtakatifu huyu, kwa kiapo, na wahubiri hao waache kumsahihisha. Walipopita miamba ya njiani mama yake akasema, "Haukurudi. Kila asubuhi niliungoja kidogo kitandani. Haukuja. Na wewe ulikuwa na njaa."

Akafa siku chache baadaye katika chumba kile cha nyuma alimozaliwa, nguo za watu zikiwa bado kambani. Binti alizianua, akazipiga pasi, akazipeleka kwa wenyewe, kisha akaja kulia.

Monasteri ile imebaki magofu. Watawa wa mwisho walidaiwa na ndugu zao mmoja mmoja, hata abate, aliyechukuliwa na mpwa wake wa mbali, mshona viatu, ambaye analalamika mpaka leo jinsi mzee yule anavyochagua chakula. Kaburini kwa Makelele watu wanakwenda kwa wingi, na ajabu yake inayojulikana ni moja: mtu hasikii kitu. Hakuna harufu ya maua, hakuna joto kifuani. Mwashi mmoja, aliyeachiwa kaka yake aliyepooza na akawa amemchukia, alipiga magoti pale akaomba apewe upendo. Hakupewa. Akaomba tena, na katikati ya sala akakumbuka kwamba kaka yake amelalia shuka lile lile tangu juzi, akakereka, akainuka bila kusema amina, akaenda. Tume imeuandika huo kuwa muujiza wa kwanza, na mwashi amerudi kila mwaka kusema kwamba bado hampendi, na kwamba kaka yake hana kidonda hata kimoja mgongoni.

Tumwige, basi, sisi tusio na ndimi za asali. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, kama moyo wako haukusikia lolote, usihuzunike, wala usikae kungoja. Yupo mtu nyumbani kwako ambaye hajala.